Simu Anayo, Darasa Liko Wapi?

Mchwww! Nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka kunitazama, birika mkononi.

Ilikuwa Jumamosi jioni kijiweni kwetu, Ubungo Kibangu, chini ya mwarobaini, drafti la vizibo vya soda limepamba moto. Fundi magari mmoja, rafiki yangu na mtu mwema kabisa, alikuwa ametia neno lake. "Hawa watoto wa chuo wanadeka bwana. Kila mmoja ana simu janja. Kutwa wanarekodi video za kucheza. Wakiambiwa wasome mtandaoni, oo, hatuwezi, oo, mazingira. Mazingira gani?" Watu wakacheka. Kijana wa bodaboda akaongeza kwamba yeye kajifunza kufungua kabureta kwa kuangalia video tu, hana chuo wala cheti.

Ndipo nikasonya. Fundi sikumkasirikia, maana anasema anachokiona barabarani. Kilichoniuma ni kwamba maneno yaleyale nimeyasikia kwenye kumbi zenye viyoyozi, kwa watu wanaopanga mambo: vijana wetu ni kizazi cha simu, wako tayari, tuwapelekee masomo huko huko mtandaoni. Mtu anahesabu simu, kisha anaandika neno "utayari". Jamani! Kabureta unaiona, unaishika, ukikosea inakwambia yenyewe hapo hapo. Masomo ya chuo kikuu yanataka mtu akae chini saa tatu na jambo gumu mpaka limwingie, na akikwama awepo wa kumuuliza.

Nikawapa habari ya mpwa wangu.

Binti wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili, chuo sikitaji. Likizo ndefu akarudi kwao Ludewa, mwambao wa Ziwa Nyasa. Chuo kikatangaza kwamba somo la takwimu litafundishwa mtandaoni wakati wa likizo ili kufidia muda uliopotea. Vipindi viwili kwa wiki, saa mbili usiku, pamoja na asainmenti. Nadhani waliopanga walidhani wamewarahisishia.

Pale kijijini nyumba zimekaa bondeni karibu na maji, na mtandao haushuki bondeni. Kuna jabali juu ya njia ya kwenda mashambani, watu wanaliita Mtandao. Ukimuuliza mtoto mama yuko wapi, anakujibu, "Kapanda Mtandao," yaani kaenda kupiga simu. Basi binti wa miaka 21 akawa anapanda jabali hilo saa moja na nusu usiku, mdogo wake wa kiume akimshikia tochi, kwa kuwa dada yangu hakubali msichana akae peke yake huko giza likishaingia. Siku ya mvua hawaendi. Siku ya upepo wa ziwa sauti ya mhadhiri inakuja vipande vipande. Ili bando lifike mwisho wa kipindi, anazima picha anabaki na sauti. Na somo ni takwimu! Mhadhiri anasema, "Kama mnavyoona hapa kwenye jedwali." Yeye haoni jedwali lolote. Anaona giza, ziwa, na mdogo wake anayesinzia juu ya jiwe.

Ikaja asainmenti. Kurasa 8, majedwali mawili, kazi ichapwe. Kompyuta hana. Chuoni huwa anaazima ya mwenzake wa chumbani au anakwenda steshenari. Kijijini akachapa kurasa zote nane kwa kidole gumba, kwenye simu iliyopasuka kioo pembeni. Majedwali yakamshinda, akayachora kwa rula kwenye daftari, akayapiga picha. Picha zikawa nzito. Mwisho wa kukusanya uliandikwa 23:59. Saa tano na nusu usiku yuko jabalini, faili linapanda, linafika asilimia 40, linakata. Anaanza upya. Asilimia 70, linakata. Bando likaisha, akakopa salio. Saa sita kasoro dakika chache simu ikaishiwa chaji, ikazima mkononi mwake. Asubuhi mfumo ulikuwa umeshafungwa, na mbele ya jina lake pana sifuri.

Alinipigia akilia. "Mjomba, nilifanya. Naapa nilifanya."

Alipomwandikia mhadhiri kumweleza, alijibiwa kwamba wenzake zaidi ya mia wameweza. Sikatai, waliweza. Lakini hakuna aliyeuliza hao zaidi ya mia walikuwa wapi usiku ule. Alama za koziweki hazikumtosha, somo akalikeri, yaani likambidi alirudie.

Fundi akashusha macho kwenye kikombe. Kijana wa bodaboda akasema, "Sawa anko, huyo wa kijijini namwelewa. Wa hapa mjini je? Minara kila kona."

Swali zuri. Twende naye huyo wa mjini. Wengi wetu hapa Kibangu tunaishi chumba na sebule. Sebuleni kuna runinga, kuna wadogo watatu, kuna mgeni kutoka nyumbani anayelala kwenye kochi. Jirani upande huu ana redio, upande ule ana cherehani. Binti wa chuo anafungua simu asikilize mhadhara, na mama yake anaona nini? Anaona binti mkubwa amekaa, ameshika simu, vyombo vichafu. "We, hiyo simu itakuzaa? Njoo huku." Hamwonei kwa makusudi; machoni pake kusoma ni kuvaa, kushika daftari na kutoka nyumbani. Kijana wa kiume akisema anasoma, anaachwa. Msichana akisema anasoma, anaulizwa maji yamechotwa? Tunapouliza kama wanafunzi wako tayari, tumempima binti peke yake, nyumba nzima hatukuiuliza.

Ndiyo maana pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna vimbweta, zile meza na viti vya saruji chini ya miti. Ukipita usiku unakuta vijana wamejaa, madesa mezani, wanabishana. Aliyeelewa anamweleza asiyeelewa, kwa Kiswahili, somo lililofundishwa kwa Kiingereza. Kazi hiyo ya kutafsiriana na kubishana ndiyo inayowafaulisha wengi. Ukimpeleka mtoto mtandaoni bila kimbweta, umemnyang'anya nusu ya chuo. Kundi la WhatsApp linasaidia, sikatai, CR, kiongozi wa darasa, anatuma pdf na tarehe za majaribio. Lakini kundi la watu 200 ambalo kila mtu anaandika "jamani somo la leo lilihusu nini" haliwezi kufanya kazi ya wanafunzi wanne kwenye saruji.

Haya, tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo msonyo wa pili ulinitoka.

Boom la Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kula humo, kulala humo. Kuna fungu la vitabu na viandikwa, kuna la mafunzo kwa vitendo, kuna ada. Fungu la bando halimo. Kwa hiyo kipindi cha video kinalipwa na chakula cha mchana, hakuna namna nyingine. Nimewaona vijana pale njia ya Riverside wanakunywa chai kavu saa saba mchana na laini imesheheni bando la wiki. Na huyo ni mwenye mkopo! Yupo asiye na mkopo kabisa, anayetegemea kaka yake mwenye genge la nyanya.

Kodi nayo ilicheza shere na watu. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Kijiweni tulishangilia. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, sababu ikatajwa kwamba mlaji hakunufaika, bei hazikushuka. Huenda ni kweli hazikushuka. Ila dawa ya mfanyabiashara kula punguzo ni kumbana mfanyabiashara. Mwanafunzi aliyekuwa anangoja bei ya kishikwambi ishuke alirudishwa alipotoka. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu, na nilifurahi sana, walimu walistahili. Nataka siku moja nisikie habari kama hiyo kuhusu mwanafunzi wa chuo anayetoka nyumba ya udongo.

Hapa mzee mmoja akakohoa. Ni mwalimu mstaafu, anakuja kijiweni na gazeti lake, si mtu wa maneno mengi. "Mimi," akasema, "ualimu wangu niliusomea mbali."

Tukanyamaza.

Akatusimulia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi iliamua kila mtoto aingie darasa la kwanza, na walimu hawakuwepo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa wote. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba, yeye akiwamo, walichukuliwa wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini mwao, huku tayari wameshika chaki. Vitabu vya masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mratibu anayekuja kukaa nyuma ya darasa kukusikiliza unavyofundisha, halafu anakukosoa chini ya mwembe. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Intaneti ilikuwa haijasikika. Umeme wenyewe kijijini kwao haukuwepo.

"Unajua kilichotufanya tumalize?" akaniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyebisha. "Nilijua Alhamisi mratibu anakuja. Na nilikuwa na wenzangu watatu kijiji cha pili, tunakutana Jumapili. Redio ilisaidia. Lakini redio haikuwa inanijua jina."

Mzee alisema kitu kikubwa pale, na mimi nataka kukitafakari. Nchi hii si ngeni katika kusoma kwa mbali. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", watu milioni 2 hivi wakasoma habari za afya kwa redio, watu wazima, wengi wao wakulima. Hawakuachiwa redio wajue wenyewe. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kilikuwa na kitabu, kilikuwa na siku na saa ya kukutana, na baada ya kipindi watu wanajadiliana kisha wanakwenda kuchimba choo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu kuanza kwake kimekuwa na vituo mikoani, kwa sababu waanzilishi wake walielewa kwamba anayesoma mbali anahitaji mahali pa karibu. Tulilijua hili! Tumelisahau lini?

Hata huo mfumo ambao vyuo vyetu vingi vinautumia, Moodle, una asili ya namna hiyo. Aliyeubuni ni Martin Dougiamas wa Australia, ukatoka mwaka 2002. Mtu huyo utotoni aliishi jangwani, Australia Magharibi, mbali na shule, akasoma kwa redio. Mwalimu anaongea, mtoto anajibu kwa redio hiyo hiyo. Yaani ulibuniwa na mtu anayejua mtoto wa mbali anahitaji kujibiwa. Sisi tumeufanyaje? Tumeufanya stoo. Mhadhiri anapandisha slaidi 90 alizotumia miaka mingi iliyopita, anaandika "someni sura ya 3 hadi 6", anatoka. Hiyo haina tofauti na kumpa mtu ufunguo wa maktaba na kumwambia umemfundisha.

Sitaki kuwaonea wahadhiri. Wengi wao nao walitupwa majini. Mtu amefundisha ubaoni miaka 25, anapewa semina ya siku mbili, anaambiwa kuanzia muhula ujao utafundisha mtandaoni, na madarasa yako matatu yenye watu 300 kila moja unaendelea nayo. Hakupunguziwa kitu. Anarekodi mhadhara wa saa mbili kwa simu yake, anaupandisha mzimamzima, hajui kwamba faili hilo ni bando la wiki nzima la kijana wa Ludewa. Hakuna aliyemwambia kwamba sauti tupu ya dakika 15 pamoja na kurasa tatu za maelezo ingemfikia kila mtu. Utayari wa mhadhiri ni habari inayopitwa haraka mno kwenye mijadala hii, na kwa maoni yangu ni suala kubwa kuliko utayari wa mwanafunzi.

Mwaka 2020 ulitupima. Tarehe 18 Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Miezi miwili na nusu. Vyuo vyetu vingi havikufundisha chochote katikati hapo. Wanafunzi walipanda mabasi wakaenda kwao, wakasubiri. Wenzetu walihangaika. Afrika Kusini vyuo vilikubaliana na kampuni za simu mwanafunzi apate GB 30 kwa mwezi, 10 za mchana na 20 za usiku. Uganda, pale Makerere, mfumo wao wa MUELE uliwekewa utaratibu mwanafunzi auingie bila bando lake kukatwa. Kenya wakarushiwa hadi mabaluni ya intaneti angani, mradi wa Loon pamoja na Telkom, ulianza Julai 2020, na Januari 2021 mwenye mradi akatangaza anaufunga. Katika hayo yote, lililonigusa ni la Makerere, kwa kuwa halihitaji baluni. Linahitaji wakubwa wa chuo na wakubwa wa kampuni ya simu kukaa meza moja na kusaini.

Na tusijidanganye kwamba waya wenyewe hautuangushi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika huko Afrika Kusini, na hapa Dar tukakaa tunatazama simu kama matofali. Siku ile mtu mwenye jaribio la mtandaoni angeambiwa nini? Umeme umepata nafuu tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, namshukuru Mungu kwa hilo, ila kwenye mitaa kama yetu nguzo ikidondoka unaweza kulala giza siku mbili. Mhadhiri anayeweka mwisho wa kazi saa sita usiku, bila saa za ziada, bila njia ya pili ya kuiwasilisha, anampa mwanafunzi alama za mnara na transfoma.

Fundi wangu akauliza kwa upole kuliko mwanzo, "Sasa unataka waache kabisa hayo ya mtandaoni?"

Hapana! Nayataka. Nayataka sana, kwa ajili ya binti aliyeolewa Namtumbo na kuacha chuo, kwa ajili ya muuguzi wa zahanati asiyeweza kuhamia Dodoma, kwa ajili yako wewe kijana wa bodaboda unayejua kabureta na unayeweza kuwa fundi sanifu ukipata njia. Mradi wa elimu ya juu uitwao HEET umeviletea vyuo vyetu dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, uliidhinishwa mwaka 2021. Deni hilo tutalilipa sisi na wajukuu. Majengo mapya nayaona yanapanda, ni mazuri. Naomba sehemu ya nguvu hiyo imfikie mtu aliye nje ya jengo.

Kuna jambo moja linawezekana bila kungoja mkopo mwingine. Vituo vya mikoa vya Chuo Huria vipo. Maktaba za mikoa zipo. Vifunguliwe kwa mwanafunzi wa chuo chochote akiwa likizo, aoneshe kitambulisho, akae, achomeke simu, apate intaneti, akute wenzake wanne. Wilayani pawekwe chumba kimoja, hata shule ya sekondari jioni, na mtu mmoja wa kukisimamia, awe kama mratibu wa mzee wetu. Bodi ya Mikopo iweke bando kwenye hesabu kama inavyoweka viandikwa. Kila mhadhiri apime uzito wa faili kabla ya kulipandisha. Na mwanafunzi akisema alifanya kazi na mtandao ukamkatalia, aruhusiwe kuonesha daftari lake.

Mpwa wangu daftari alikuwa nalo. Majedwali yamechorwa kwa rula, safi, tarehe juu ya ukurasa. Hakuna aliyetaka kuliona. Mwaka uliofuata alilirudia somo lile darasani, kwa mhadhiri yuleyule, akafaulu.

Giza lilipoingia muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe. Mzee akakunja gazeti. Fundi alipoinuka aliniambia binti yake yuko mwaka wa kwanza, na jana alimfokea kwa kushinda na simu.

Nawe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna binti wa chuo, usiku wa leo zima runinga kwa saa mbili tu, mpe meza. Vyombo vioshwe na kaka yake.